SOMO: Kufufua miti kutoka kwenye visiki hai, bila kununua mche

Wakuu, mvua zikikaribia watu huanza kusaka miche. Sina ugomvi na miche. Ila kabla hujashika jembe, nenda kwanza ukakiangalie kile unachokiita kichaka. Mara nyingi huo ni mti. Uliwahi kukatwa, ukachipua, mbuzi wakala maotea, ukachipua tena, moto ukapita. Umebaki kimo cha goti miaka na miaka, lakini mizizi yake ni ya mti mzima na inafika kwenye unyevu ambao mche wa kwenye kitalu hauwezi kuufikia. Ndiyo maana mche hukauka kiangazi na kisiki kikaendelea kuchipua.

Mtu aliyeitangaza mbinu hii ni Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Maradi, kusini mwa Niger. Miche aliyokuwa akipanda ilikuwa ikifa kwa wingi. Mwaka 1983 ndipo alipotambua kuwa vichaka vilivyotapakaa mashambani ni visiki vyenye uhai. Wakulima waliichukua mbinu, wakafundishana wao kwa wao, na katika takriban miaka 20 miti ilikuwa imerudi kwenye karibu hekta milioni 5 za nchi hiyo. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Kwetu wengi wanaijua kwa jina la Kisiki Hai.

Vifaa: panga lililonolewa vizuri au msumeno mdogo, na vipande vya kitambaa chenye rangi inayoonekana mbali. Panga butu liache nyumbani, linachana gome na kidonda kinachelewa kufunga.

HATUA YA 1: Tembea, usikate kitu
Fanya hivi kiangazi, nyasi zikiwa zimelala. Kisiki kikiwa hakina jani hata moja, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, kiko hai. Ukikuta kahawia kavu, shuka ukwangue karibu na udongo kabla ya kukata tamaa, kwa sababu sehemu ya juu inaweza kufa na shingo ya mizizi, pale shina linapokutana na mizizi, ikabaki nzima. Nenda na mzee anayeijua miti ya eneo hilo. Atakuambia upi unazaa matunda, upi nyuki wanaupenda, upi mbao zake haziliwi na mchwa. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Eneo ulilolipita kila siku ukidhani ni tupu linaanza kuonyesha wakazi wake.

HATUA YA 2: Chagua machipukizi
Kisiki kimoja kinaweza kutoa machipukizi mengi mno, yote yakigombania maji yale yale. Bakiza matatu hadi matano, yaliyonyooka na manene. Pendelea yanayotokea chini karibu na ardhi. Yale yaliyoota juu kwenye kisiki kikuukuu hushikiliwa na mbao inayooza, yakinenepa upepo huyang'oa.

HATUA YA 3: Kata na pogoa
Yale ambayo hukuyachagua yakate pale yanapotokea kwenye kisiki. Panga lielekee juu, kutoka chini ya chipukizi. Ukikata kuelekea chini, tawi hulala kwa uzito wake na kuondoka na ukanda wa gome. Kisha, kwenye yale uliyoyachagua, ondoa matawi ya pembeni mpaka nusu ya urefu. Usizidishe: majani ya juu ndiyo yanayolisha mti. Ulichokata tandaza chini kifunike udongo, na matawi ya miiba zungushia kisiki.

HATUA YA 4: Weka alama
Funga kitambaa kwa ulegevu kwenye shina moja. Anayepita na kundi la ng'ombe au kutafuta kuni ataelewa kuwa mti huo una mtu anayeutunza. Kabla ya kufunga, zungumza na majirani. Kitambaa peke yake hakimzuii mtu asiyejua maana yake.

HATUA YA 5: Rudi
Kila baada ya miezi 2 hadi 6. Kisiki kitatoa maotea mapya na usipoyapunguza kinarudi kuwa kichaka. Ukaguzi wa kisiki kimoja ni wa dakika chache tu, lakini hapa ndipo wengi wanapoishia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Je, kila mti unachipua ukikatwa?
Jibu: Hapana, ndugu. Misonobari mingi ikikatwa chini ndio mwisho wake. Ila miti mingi ya nyika yenye majani mapana, na migunga mingi, hurudi vizuri.

Swali: Mimi eneo langu limejaa mathenge. Nikiitunza si nitapata msitu haraka?
Jibu: Utapata, halafu utajuta. Mathenge (Prosopis juliflora) asili yake ni Amerika, husambaa kwa mbegu zinazobebwa na mifugo na hufunika malisho. Huo usiutunze. Ng'oa kisiki pamoja na shingo yake chini ya udongo, maana ukikata juu tu unauchochea.

Swali: Mkuu, kivuli hakitaua mazao?
Jibu: Inategemea mti na nafasi. Faidherbia albida, jamaa ya migunga, hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo mazao hupata jua, na majani yake yanarutubisha udongo. Mingine yenye kivuli kizito iache mbalimbali, pogoa juu zaidi kadiri inavyorefuka, au iache mipakani.

Swali: Nimepanga shamba, si langu. Nitunze miti avune mwingine?
Jibu: Swali zito hilo, dada. Niger kwa muda mrefu miti ilihesabiwa kuwa ya serikali hata ikiwa ndani ya shamba la mtu, na aliyeikata aliweza kupigwa faini, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuilea. Hali ilibadilika wakulima walipoachwa waitunze na kuivuna. Wewe kaa na mwenye shamba, mkubaliane nani anachukua kuni na nani anachukua nguzo, mwandike mbele ya mashahidi, ndipo ushike panga.

Swali: Mbuzi wa jirani je? Wanakula kila kitu.
Jibu: Miiba itasaidia mwanzoni, makubaliano ya kijiji yatasaidia zaidi. Kipindi cha hatari ni mpaka ncha ya mti ipite kimo anachofikia mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma. Kama huwezi kulinda eneo zima, chagua visiki vichache ulivyo na uwezo navyo.

Swali: Nimebakiza mashina manne. Naruhusiwa kukata lini?
Jibu: Likishafikia unene unaoufaa kwa kuni au fito, kata moja, lililo dhaifu kuliko mengine. Kisiki kitatoa maotea mapya pale pale. Chagua moja bora lichukue nafasi yake. Matatu yaliyobaki usiyaguse mwaka huo.