Namna ya kuandaa mvinyo mwekundu wa shamba la familia la Ufaransa katika joto la Kisumu

Nimehudumu mezani hapa Kisumu mwaka wa 11 sasa, na chupa ninazozipenda kuliko zote ni nyekundu za mashamba ya familia Ufaransa. Watu hao hupogoa mizabibu yao wakati wa baridi, huvuna mnamo Septemba, hukamua zabibu na kujaza chupa palepale shambani. Jasho la mwaka mzima, kisha likifika kwetu linaharibiwa na alasiri moja ya jua. Inaniuma sana.

Anza na lebo. Maneno "Mis en bouteille au château" au "au domaine" yana maana kwamba mvinyo ulitiwa chupani shambani. Hayatoshi kukuhakikishia kwamba mwenye shamba ni familia. Tafuta pia "Propriétaire récoltant", yaani mwenye shamba ndiye mvunaji, au kwenye kofia ya chupa, ile foili inayofunika mdomo, tazama alama ya mtu aliyebeba pipa, yenye maneno "Vigneron Indépendant". "Père et Fils", baba na wanawe, lisikuvutie peke yake: hata wafanyabiashara wakubwa wanaonunua mvinyo wa wengine hulitumia.

Jina la mzalishaji lizingatie kuliko jina la mahali. Mtu wa Maragoli, ambako mashamba hugawanywa kwa urithi hadi vipande vidogo, ataelewa upesi kwa nini. Sheria ya urithi ya Napoleon ya mwaka 1804 iliwapa watoto wote mafungu sawa, na kule Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa, mashamba yakakatwakatwa hadi mtu akabaki na mistari michache ya mizabibu. Shamba la Clos de Vougeot huko ni kama hekta 50 tu, lakini ina wamiliki 80 hivi. Jina ni lile lile kwenye lebo zote, mikono ni tofauti, na mvinyo ni tofauti.

Sasa joto. Mwaka juzi niliagiza chupa sita kutoka Nairobi, zikaja na basi la mchana, ndani ya buti. Nilipopasua katoni, mbili zilikuwa zimesukuma koki, yaani kizibo, hadi ikainua kofia, na chini ya kofia palikuwa na utando mwekundu unaonata kama asali. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma koki. Ukipoa hujikunyata na kuvuta hewa ndani. Tulipouonja ulikuwa kama zabibu kavu zilizochemshwa. Tangu siku hiyo chupa zangu husafiri usiku, nami huzipokea alfajiri.

Nyumbani zilaze, ili mvinyo uguse koki isikauke. Ziweke gizani, sakafuni, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Ghala za Ufaransa huwa na nyuzi 12 hivi. Chumba chako kinaweza kufika 29. Kwa hiyo usinunue za kuweka miaka. Ikiwa ni wiki chache tu, rafu ya chini ya friji ni salama kuliko kabati lenye joto.

Watu husema mvinyo mwekundu hunywewa bila kupozwa. Kauli hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, si Kondele hapa Kisumu. Mvinyo mwekundu wa eneo la Bordeaux hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, ule mwepesi wa Beaujolais 12 hadi 14. Iweke chupa kwenye friji kama saa moja, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 15. Mgeni mmoja mzee aliniuliza kwa mshangao, "Nyathina, nyekundu unaitia barafuni?" Nikamwambia, "Jaduong', nipe dakika 15, kisha uniambie." Aliongeza glasi ya pili.

Kufungua: kata kofia chini ya ule mdomo wa chupa, futa shingo kwa kitambaa safi. Choma kizibuo katikati ya koki, zungusha polepole, bakiza mzunguko mmoja nje ili usitoboe upande wa pili. Vuta kwa kunyoosha. Kisha nusa mvinyo. Ukinuka katoni iliyonyeshewa, koki imeuharibu, na hakuna dawa; urudishe ulikoununua. Chupa ya miaka mingi isimamishe siku moja kabla, mashapo yatulie chini, na umimine huku umemulika shingo kwa tochi ya simu. Mvinyo mchanga wenye ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea mimina kwenye jagi, ukae saa moja.

Chakula ni rahisi. Mvinyo wa zabibu ya Cabernet Sauvignon wa Bordeaux mpe mbuzi wa kuchoma, maana mafuta ya nyama hulainisha ukakasi. Aliya, nyama iliyokaushwa juani, inapendana na mivinyo ya zabibu za Grenache na Syrah ya kusini mwa bonde la Rhône. Samaki ndiye mtihani: mivinyo yenye ukakasi mwingi mara nyingi humfanya awe na ladha ya chuma mdomoni. Kwa ngege, yaani tilapia, wa kukaanga natoa Beaujolais, zabibu ya Gamay, ikiwa imepoa vizuri.

Jaza theluthi ya glasi tu. Mvinyo ukibaki chupani, rudisha koki, weka friji, unywe ndani ya siku tatu. Siku ya nne mimi huumimina kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, mara tu kitunguu kikishaiva.