Kutambua kipuri sahihi cha Ford Mustang za mwanzo, 1964 na 1965

Mustang ya kwanza ilianza kuundwa tarehe 9 Machi 1964, lakini kiwanda kiliihesabu kuwa modeli ya 1965, sawa na ile iliyotoka mwaka mmoja baadaye. Mnamo Agosti 1964 mambo kadhaa yalibadilishwa bila jina la gari kubadilika. Ndiyo maana anayeagiza kipuri kwa kutaja "Mustang ya 1965" peke yake mara nyingi huletewa kisichoingia.

Anza na namba ya chesi, iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto, chini ya boneti. Tarakimu 5 inayotangulia haitakusaidia, kwa kuwa magari yote haya yanayo. Tazama alama ya tano, ambayo ni herufi ya injini: U (silinda sita, inchi za ujazo 170), F (V8, yaani silinda nane, ya 260) na D (289) ni za kipindi cha kwanza, ilhali T, C na A zilikuja baada ya mabadiliko. Herufi K ilikuwapo katika vipindi vyote viwili, kwa hiyo mwenye K asiamue lolote bado.

Kisha soma tarehe kwenye bamba la mlango wa dereva. Siku huandikwa kwa tarakimu na mwezi kwa herufi: 25G ni tarehe 25 Julai, H ni Agosti, na Septemba ni J kwa sababu I imerukwa.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: kagua gari lenyewe, maana katika miaka sitini limepita mikononi mwa mafundi wengi. Magari ya kwanza yalifungwa jenereta na taa ya onyo iliyoandikwa GEN, na ya baadaye yakafungwa altaneta na taa ya ALT. Ukikuta altaneta pamoja na taa ya GEN, mfumo umekwishabadilishwa, nawe utalazimika kufuatilia regulata (kifaa kinachodhibiti umeme wa chaji), mabano na nyaya kimoja kimoja kabla ya kununua chochote. Kwa V8, hesabu pia boliti zinazoshikilia gamba la giaboksi kwenye injini: injini za mwanzo zina tano, za baadaye sita, na magamba hayo hayabadilishani.

Mwisho, soma namba iliyo kwenye kipuri. Katika C5ZE, C ni miaka ya 1960, 5 ni mwaka 1965, Z ni Mustang, na E ni idara ya injini iliyokisanifu. Sehemu ya katikati hutaja aina ya kifaa. 9510, kwa mfano, ni kabureta. Namba ya usanifu iliyo kwenye chuma haifanani na ya kuagizia, ambayo herufi yake ya nne kwa kawaida ni Z, kwa hiyo usimkatalie muuzaji kwa tofauti hiyo pekee. Mimi huamini zaidi tarehe iliyosubiwa ndani ya chuma: 4G15 ni tarehe 15 Julai 1964, na kipuri hicho hakiwezi kuwa cha asili katika gari lililoundwa Juni mwaka huo.