Aliyekupigia anajua majina yako yote matatu: hatua za kufuata

Ninaandika somo hili ili yeyote atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa. Katika kabini yangu ya kutuma na kutoa pesa, katika komini (wilaya ya mji) iitwayo Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, wateja huniwekea simu mezani na kuniuliza kama yule aliyewapigia, aliyejitambulisha kuwa ni wa kituo cha simu cha mtandao wao, yaani kampuni ya simu, alikuwa wa kweli. Karibu wote walimwamini kwa sababu moja: alitaja jina la baba, jina la ukoo na jina la ubatizo bila kukosea.

Majina hayo si siri. Mtu akianza kutuma pesa kwa namba yako, menyu nyingi za pesa kwa simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Anaweza kulisoma na kufuta bila kutuma hata faranga moja. WhatsApp nayo huonyesha jina na picha uliyoweka. Yako pia madaftari ya kabini, yenye jina, namba na kiasi, ambayo hukaa wazi mbele ya kila anayesimama dirishani, na nakala za kadi ya mpiga kura tunazoacha kila mahali kwa kuwa ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku. Kwa hiyo kutajiwa jina kunaonyesha tu kwamba mtu huyo amekutafuta, wala hakuonyeshi ametoka wapi.

Hatua ya 1. Usithibitishe chochote. Akiuliza kama wewe ndiye fulani, muulize yeye ni nani, anapiga kwa niaba ya kampuni gani, na namba yako ameipata wapi.

Hatua ya 2. Namba ya siri na tarakimu zilizokuja kwa ujumbe hazitajwi kwa mtu yeyote, hata nusu yake.

Hatua ya 3. Usibonyeze mfululizo wowote wa nyota (*) na alama ya reli (#) unaosomewa na aliyepiga. Hapa ndipo wanapoanguka hata wale wanaojisifu kwamba hawakutaja namba ya siri. Wanaambiwa kwamba kadi yao ya SIM itafungwa leo jioni, na kwamba ili kuiokoa wabonyeze *21*, kisha namba fulani, kisha #. Wanatii, kwa sababu hawakuombwa siri yoyote. Kumbe mfululizo huo ni amri ya kuhamisha simu zote zinazoingia ziende kwenye namba ile nyingine. Simu yako itaendelea kuonyesha mtandao na utaweza kupiga kama kawaida, ila wanaokupigia watapokelewa na mtu usiyemjua. Mwizi hapo hufungua WhatsApp kwa namba yako, huomba tarakimu sita za uthibitisho zisomwe kwa sauti, simu hiyo inaangukia kwake, na baada ya dakika chache ndugu zako wa Likasi na Kolwezi wanaombwa dola kwa jina lako na picha yako.

Ukishabonyeza, fanya hivi. Piga *#21# uone kama simu zako zinahamishwa. Piga ##21# kuondoa uhamisho huo, au ##002# kuondoa aina zote kwa pamoja. Tahadhari: mwenye kadi mbili arudie kwa kila kadi, kwa kuwa kusafisha moja hakusafishi nyingine. Tahadhari ya pili: ##002# huondoa hata uhamisho uliouweka mwenyewe. Ya tatu: ukipiga *#62#, inayoonyesha simu zinakokwenda wakati umezima, unaweza kuona namba ambayo ni ya sanduku la sauti la mtandao wako, kwa hiyo usipige kelele za wizi kabla ya kuwauliza. Baada ya hapo sajili upya WhatsApp kwa namba yako kwa tarakimu zinazokuja kwa ujumbe, na mwizi atatolewa. Kama aliwahi kuweka namba yake ya uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huiuliza unaposajili, utasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini siku hizo naye anakuwa nje. Ambaye hajaibiwa aweke uthibitisho huo leo, katika mipangilio ya akaunti.

Hatua ya 4. Kata, kisha piga wewe mwenyewe namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye kifuko cha kadi yako ya SIM au dukani kwa mtandao. Iandike kwa vidole vyako, usiirudie kutoka kwenye orodha ya simu zilizoingia.

Hatua ya 5. Ukiambiwa umetumiwa pesa kwa makosa na uzirudishe, angalia salio kwenye menyu. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote.

Hatua ya 6. Usifute kitu. Namba iliyopiga, saa, na kumbukumbu ya muamala iliyo ndani ya ujumbe ndivyo vinavyohitajika. Pesa zikishaondoka, wahi kwanza kwa mtandao wako ili wajaribu kuzizuia kabla hazijatolewa; polisi wafuate. Sheria ipo: Kanuni ya Dijitali, yaani amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inahusu ulinzi wa habari za watu binafsi na pia makosa yanayotendwa kwa njia ya mitandao. Mtandao ukikaa kimya, malalamiko hupelekwa ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini.

MASWALI

Swali: Yaya, sijasoma yote, nina haraka. Nikiwapa tarakimu tatu kati ya sita kuna shida?

Jibu: Soma hatua ya 2. Ni sentensi moja.

Swali: Papa, namba iliyonipigia ilikuwa ileile ya huduma kwa wateja, niliilinganisha mwenyewe. Inawezekanaje awe tapeli? Na kama namba inaweza kuigwa, mimi nikiipiga si nitampata yuleyule?

Jibu: Nimefurahi umeuliza sehemu ya pili, kwa sababu wengi huishia kwenye ya kwanza. Namba unayoiona simu inapoita ni maelezo yanayotumwa pamoja na simu kutoka upande wa anayepiga. Wanaopiga kupitia intaneti wana mifumo inayowaruhusu kuandika namba wanayotaka ionekane, na mara nyingi mtandao unaopokea huipitisha bila kuihakiki. Unapopiga wewe, mambo yanageuka: mtandao wako unatafuta mahali namba hiyo iliposajiliwa kweli na kupeleka simu huko. Aliyeiga namba kwenye kioo chako hajaimiliki, kwa hiyo simu yako haimfikii. Ndiyo maana nasisitiza kukata na kupiga upya.

Swali: Nilipigiwa, sauti ya mashine ikasema nimeshinda, nibonyeze 1. Nimebonyeza. Sasa yuniti zangu zinapungua kila asubuhi. Kabini yako ndiyo iliyonisajili!

Jibu: Kabini yangu haisajili mtu yeyote kwenye huduma za kulipia, na hukuwahi kuniletea simu hiyo. Ulipobonyeza 1 huenda ulikubali huduma ya kila siku, kama nyimbo au utabiri wa nyota. Piga huduma kwa wateja, omba orodha ya huduma ulizounganishwa nazo, na uzifute moja moja.

Swali: Mimi ni mama wa Katuba. Binti yangu kila akienda kuweka pesa, jioni anapigiwa na wanaume asiowajua. Hilo nalo ni utapeli?

Jibu: Mama, hilo ni matumizi mabaya ya habari zake, hata kama haibiwi senti. Chanzo ni daftari ama mwenye kabini mwenyewe, na ninasema hivyo nikijua wenzangu watakasirika. Mimi hufunika mistari iliyotangulia kwa kipande cha katoni, na mteja asiyetaka kutaja namba yake kwa sauti huiandika mwenyewe. Binti aombe hivyo. Wakikataa, abadilishe kabini na amwambie mwenye nayo sababu.

Swali: Na mimi nafuatia hapo. Nilipigiwa kuhusu kazi ya mgodini Kolwezi, wakataka picha ya kadi ya mpiga kura na dola 20 za faili.

Jibu: Dola usitoe. Kuhusu picha, siku ukilazimika kutoa nakala kwa mwajiri uliyemthibitisha, andika juu yake, kwa kalamu inayokatiza maandishi, imetolewa kwa nani, kwa shughuli gani na tarehe gani. Nakala ya namna hiyo ni vigumu kuisajilia kadi ya SIM kwa jina lako.

Swali: Nifanye nini nikibipiwa na namba ya nchi nisiyoijua?

Jibu: Usirudishe. Kuna wanaobipu ili upige namba inayotoza ghali kwa dakika.

Swali: Kaka, mimi nafanya kazi kwenye kituo cha simu, tunauza bima. Watu wananitukana kwa sababu ya masomo kama hili. Sisi tunapewa orodha tu.

Jibu: Pole kwa matusi, huyastahili. Lakini neno "tunapewa orodha tu" ndilo linalowasumbua hao watu. Muulize msimamizi orodha ilitoka wapi na kama walioandikwa humo walikubali. Kwenye simu, anza kwa kutaja kampuni, mpe mtu namba ya ofisi ili akupigie yeye, usiombe kadi wala malipo kwenye simu hiyo ya kwanza, na akisema hataki, weka alama mbele ya jina lake ili mwenzako wa zamu ya jioni asimpigie tena. Msimamizi akikataa kukujibu kuhusu orodha, niandikie faraghani; nitakuonyesha namna ya kuandika barua ya kuuliza.