Jinsi ya kumpata wakili wa kukuandikia wosia (Tanzania Bara)

Kabla ya kumtafuta mtu yeyote, kaa chini uorodheshe mali zako: nyumba, kiwanja, shamba, gari, akaunti, hisa, pamoja na madeni unayodai na unayodaiwa. Pembeni ya kila mali andika nyaraka uliyonayo, iwe hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano. Halafu andika watoto wote, hata wale ambao nyumbani hawatajwi. Hao ndio hujitokeza msibani, na wosia uliowaruka hupingwa mahakamani.

Sasa tafuta mtaalamu. Unaweza kwenda RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali), ambao huandika na kuhifadhi wosia, au kwa wakili wa kujitegemea. Kama huna uwezo wa kulipa, ulizia msaada wa kisheria unaotolewa chini ya sheria ya mwaka 2017. Nakusihi, usimwachie mtoto au ndugu atakayerithi akupeleke kwa wakili wake. Hata akiwa na nia njema, wenzake watasema ulishinikizwa.

Ukishapata jina, lihakiki. Muhuri usikutoshe, kwani mihuri huchongwa mtaani. Omba jina kamili na namba yake ya uwakili, kisha angalia kwenye mfumo wa mawakili wa Mahakama ya Tanzania au uulize Chama cha Mawakili wa Tanganyika (TLS). Leseni huhuishwa kila mwaka. Mtu anaweza kuwa wakili kweli na mwaka huu asiruhusiwe kufanya kazi.

Kikao cha kwanza ndicho kipimo kikubwa, na hapo sikiliza zaidi anachokuuliza. Anayeijua mirathi atauliza dini yako, kabila lako na namna unavyoishi, kwa sababu mahakama huangalia maisha ya marehemu ili kuamua itumike sheria ya mila, ya Kiislamu au ile ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini. Mwislamu ataelezwa kwamba wasia kwa wasio warithi hauvuki theluthi moja ya mali. Anayefuata mila ataelezwa mashahidi: wasiopungua wawili, mmoja wao wa ukoo, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui. Uwe wa dini au mila yoyote, utaulizwa pia mwenzi wako alichangia nini kwenye nyumba, maana huwezi kumrithisha mtu fungu lisilo lako. Wakili akikupa fomu ujaze majina tu bila kukuhoji, shukuru uondoke.

Mkikubaliana, ada iandikwe, na ieleze kama inahusu kuandika tu au na kuhifadhi. Dai risiti. Siku ya kusaini, anayerithi asiwe shahidi; weka tarehe na saini kila ukurasa.

Nakala halisi ihifadhiwe RITA, benki au kwa wakili huyo, na msimamizi wa mirathi uliyemteua kwenye wosia aambiwe ilipo. Ukioa, ukiolewa, ukipata mtoto au ukiuza kiwanja kilichotajwa humo, rudi kwa wakili muuandike upya.