Kukodi mashine ya maabara kwa kununua rijenti: piga hesabu kabla hujasaini

Kwa wasioujua mtindo huu, sapulaya anawaletea mashine ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) au ya kemia (sukari, figo, ini), anaifunga, anaifanyia sevisi, nyie mnanunua rijenti, yaani kemikali za kupimia, kwake tu mpaka mkataba uishe, mara nyingi ni miaka 3 mpaka 5. Mi naukubali, maana mkinunua ya kwenu halafu ikazima mwakani na injinia hapokei simu, inabaki pambo la maabara. Ila wakija na neno "bure" msilimeze, hela ya mashine imo humo humo kwenye bei ya rijenti.

Sasa anza na rejista. Hesabu vipimo vya mwaka mzima, sio mwezi uliopita peke yake, msimu wa malaria unapandisha FBP halafu zinashuka. Ukishapata wastani ndo uje kwenye hesabu ambayo wengi wanairuka, yaani mashine inakula rijenti hata bila mgonjwa. Tuseme mna FBP 300 kwa mwezi. Kila asubuhi unapitisha kontroli tatu (sampuli zenye majibu yanayojulikana, za kuangalia kama mashine inapima sawa), ya chini, ya kawaida na ya juu, kwa siku 30 hizo ni 90, weka na marudio kama 10 hivi, jumla mashine imepiga 400. Kama kila pigo ni shilingi 4,000 basi mwezi umekula 1,600,000, gawanya kwa wagonjwa 300 unapata kama 5,330 kwa jibu moja, sio 4,000 aliyokutajia yule kijana wa mauzo. Na hapo bado kalibresheni (kurekebisha mashine isome sawa) na maji ya kusafishia. Ndo maana mimi nashauri ombeni bei kwa jibu lililotoka, kontroli na marudio abebe yeye, halafu hiyo namba ipelekeni kwa mhasibu ailinganishe na bima inawalipa ngapi kwa kipimo hicho, ikizidi mtakuwa mnapima kwa hasara kila siku.

Kingine ni kiwango cha chini. Akiandika lazima mchukue rijenti za vipimo 500 kwa mwezi na nyie mnafanya 300, zile 200 zitaexpaya mikononi mwenu na bili mtalipa. Kataeni, au kihesabiwe kwa mwaka.

Kwenye mkataba wenyewe mganga mfawidhi ataangalia bei, wewe wa maabara angalia haya: mashine ikizima injinia anafika ndani ya saa ngapi, na akishindwa analeta nyingine au analipia sampuli mtakazopeleka hospitali ya jirani? Rijenti zinafika zikiwa na miezi mingapi kabla ya kuexpaya, angalau 6 jamani. Bei ni ya shilingi au dola (dola ikipanda mtalia). Nani analeta UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), maana umeme wetu mnaujua. Rijenti za kuhakiki mashine kabla haijaanza kutoa majibu ya wagonjwa analipa nani, ISO 15189, kile kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, inataka uhakiki huo na ni rijenti nyingi kweli. Mafunzo yawe ya watu kadhaa wa zamu zote, akifundishwa mmoja akihamishwa mmekwisha.

Hakikisheni pia mashine na rijenti zake zimesajiliwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na hospitali za serikali manunuzi yanapita NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo kusaini kishkaji haipo.

Chumba kiandaeni kabla, AC inayofanya kazi, meza isiyotikisika, friji la nyuzi 2 mpaka 8 lenye nafasi, maboksi ya rijenti yanakula nafasi kuliko unavyodhani.

Na kipengele cha kuondoka kiwepo, kwamba wakishindwa sevisi mara kadhaa mnavunja bila faini, na siku wanakuja kubeba mashine majibu ya wagonjwa yaliyomo ndani yanakopiwa kwenu kwanza halafu yanafutwa mbele yenu ndo waruhusiwe kupita getini.