Gharika ya dunia nzima iliwezekana? Toa simu upige hesabu mwenyewe

Ubishi wa gharika ya Nuhu, kwamba mvua ya siku 40 ilifunika dunia nzima hadi milimani, pale stegi ya boda hauishi kwa kelele, unaisha kwa kalkuleta. Na hatupingi dini ya mtu hapa, tunauliza maji tu, yalitoka wapi na yakaenda wapi.

Anza na mlima wetu wa Uganda. Kilele cha Margherita kule Rwenzori kina mita 5,109, yaani kilomita 5.1, na uso wa dunia ni kilomita za mraba milioni 510, sasa zidisha. Unapata kilomita za ujazo kama bilioni 2.6, toa nchi kavu inayochukua nafasi humo unabaki na karibu bilioni 2.5. Bahari zote zikijumlishwa zina bilioni 1.3 hivi! Kwa hiyo unadaiwa karibu bahari mbili zingine juu ya hizi tulizo nazo, na Everest yenye 8,849 bado hatujaigusa.

Haya, yatafute hayo maji. Barafu yote ikiyeyuka bahari inapanda mita kama 70, Kampala iko karibu 1,200, hata kiatu hakilowi. Mvuke wote wa angani ukidondoka ni sentimita 2.5 tu. Mvua ya siku 40 je? Gawanya 5,109 kwa 40 halafu kwa 24, inatoka zaidi ya mita 5 kila saa, na Kampala mwaka mzima inapata kama mita 1.2.

Hapa mjanja mmoja atasema milima zamani ilikuwa mifupi. Usimcheke, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, maana dunia ingekuwa laini kama yai maji yaliyopo yangeifunika kwa zaidi ya kilomita 2. Muulize tu ilipanda lini. India iligonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita, mtu hakuwepo, na ndipo sakafu ya bahari ikaanza kuinuliwa, ndo maana kileleni Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini.

Kisha angalia barafu ya Antaktika, wameichimba wakapata matabaka ya miaka 800,000 mfululizo, hakuna palipokatika, na gharika ya dunia nzima ingeacha alama humo.

Mafuriko ya sehemu moja hayo yapo, muulize mtu wa Kasese kuhusu mto Nyamwamba 2013 na 2020. Hata Iraki, nchi ya mito Frati na Hidekeli, wamefukua tope la mafuriko makubwa kwenye miji ya kale kama Uru na Shurupaki, ila ukilinganisha umri wa tope lenyewe haufanani, kila mji ulizama kivyake.