Somo: Kuandaa maoni ya diko lenu (pale mnaposhushia samaki) kabla ya mkutano wa kanuni za hifadhi ya bahari

Wengi mmeniuliza tulijipanga vipi shehia kwetu, huku Pemba magharibi, ulipokuja mkutano wa kukusanya maoni. Nikiri mapema: mara ya kwanza tuliboronga. Tulikwenda watu tele, tukapiga kelele saa tatu nzima, na muhtasari ulipotoka maneno yetu yote yalikuwa mstari mmoja: "Wavuvi hawakuridhika." Haya ni ya safari ya pili.

Kwanza, ipateni rasimu yenyewe, si habari za barazani. Mwombeni sheha au kamati ya uvuvi ya shehia, isomwe kwa sauti mbele ya watu. Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 ilipita Baraza la Wawakilishi, kikao cha kijiji hakiigusi. Kanuni ndizo zinazotaja mwamba gani, nyavu gani, msimu gani. Nguvu zenu ziwekeni hapo. Na mjue mko hifadhi ipi: sisi tumo PECCA, yaani hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iliyotangazwa 2005, na kisiwa cha Misali kimo humo humo, wenzetu wa Unguja, wale wa Kizimkazi wako Menai, wa Matemwe wako Mnemba.

Pili, angalieni mwezi kabla ya kukubali tarehe. Hili ndilo lililotuumiza. Barua ilisema saa nne asubuhi, na siku yenyewe ilikuwa mwezi kumi na sita, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama. Kila mwanamke wa kwetu anajua maana yake: bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, saa nne yamekupwa hasa, mwamba uko nje, na mchokoaji pweza hana siku nyingine kama hiyo. Ukumbini tukakaa wanaume watupu na makaratasi yetu. Wenye ndoo na vijiti walikuwa mwambani, tukiwaona kwa mbali dirishani wameinama, na kilichokuwa kikijadiliwa ni pweza wao. Safari ya pili tuliomba mkutano uwekwe maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, mwezi nane au ishirini na mbili, baada ya sala ya alasiri. Maofisa walikubali pale pale. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Tatu, kila kundi likae peke yake kwanza. Wa madema, mitego ya samaki, hasemi mbele ya wa juya, wavu wa kukokota, na akina mama wa mwani hawafungui mdomo mbele ya mwenye boti. Wapeni kila mmoja jioni yake.

Nne, mwamba uwe na jina na namba. Sisi twaujua kwa kulinganisha, mnazi mrefu ukae sawa na mnara wa msikiti, ushafika. Ramani ya ofisini haina mnazi. Nendeni na simu maji yakiwa yamekupwa, kila pembe ya mwamba mwandike namba zake za ramani (GPS) na jina lenu la asili ubavuni.

Tano, kila oni liseme wapi, chombo gani, lini, na kwa nini. "Hatutaki kufungiwa bahari" haina pa kuandikwa. Sisi tuliandika: "Upande wa nje wa mwamba ufungwe kwa pweza miezi 3. Upande wa ndani ubaki wazi, kwa kuwa unafikika kwa miguu na unategemewa na wanawake wasio na chombo." Hilo liliingia kwenye muhtasari lilivyo.

Sita, msiondoke kabla muhtasari haujasomwa. Upigeni picha, kila ukurasa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mimi si mjumbe wa kamati yoyote. Nitasikilizwa?
Ndiyo. Mkutano ni wa wananchi wote. Ila andika yako kwenye karatasi, uache nakala.

Kaka katibu, miezi 3 ni mingi. Sisi wa miguu tutakula nini?
Dada yangu, swali lako ndilo lingekuwa la kwanza siku ile kama ungekuwepo. Usikubali mwamba wote ufungwe, dai sehemu. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walifunga sehemu, na pweza ana haraka ya kukua: uhai wake wote ni kama mwaka mmoja, na jike hufa mayai yakishaanguliwa. Kwa hiyo miezi michache unaiona kwenye mzani. Lakini kuna la pili ambalo wengi hulisahau, siku ya kufungua. Isipopangwa, wazamiaji wanafika na boti alfajiri, na nyinyi mnafika na ndoo mkakuta mashimo matupu. Dai liandikwe kwenye kanuni za kijiji: siku ya kwanza wa miguu wanatangulia.

Sisi wa dago, tunaopiga kambi za uvuvi ugenini, tunahama na msimu. Mikutano inafanywa tukiwa hatupo, tukirudi tunaambiwa wavamizi.
Una haki, na wenyeji tunapenda kuwasingizia wageni kila kigumi kinachopigwa, ule uvuvi wa kupigapiga mwamba kwa miti kuwatoa samaki. Pelekeni maoni katika shehia yenu ya asili, na nakala katika kila diko mnalopiga dago.

Mzee wenu nimefuata hatua ya nne. Kijana wangu kaziingiza namba kwenye ramani, mwamba wetu umetokea nchi kavu, tena mbali. Simu mbovu?
Shikamoo mzee. Simu nzima. Namba za Pemba ni mbili: ya kwanza huanza na 4 au 5, na mbele yake pana alama ya kutoa, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, ya pili huanza na 39. Kijana kaisahau ile alama, akaupeleka mwamba wako Ethiopia. Airudishe kabla barua haijatoka.